Kisukari na fizi zinazotoka damu: jibu kwa anayemuuguza mama Ngaramtoni

Mleta mada, umeuliza mambo matatu: kama ni kweli fizi mbovu zinaweza kumpandishia mama sukari, kama kaka yako yuko sahihi anaposema daktari wa meno anatafuta hela tu, na kama kusafisha meno kutayalegeza yale yaliyobaki. Mimi si daktari. Niko Moshi, nimemuuguza baba yangu mwenye kisukari kwa miaka kadhaa, na njia uliyomo nimeipita. Haya ni niliyoyaona na niliyoelezwa na waliomtibu, nawe ukahakikishe kwa wanaomtibu mama.

Ni kweli. Kaka yako hayuko sahihi.

Ugonjwa wa fizi huanza na utando wa bakteria kati ya jino na fizi. Usipoondolewa huganda ukawa ugaga, na ugaga ukishashika, mswaki hauutoi tena. Fizi zinavimba, zinatoka damu, halafu zinaachana na jino na kuacha mfuko. Daktari hupima mfuko huo kwa chombo chembamba chenye alama za milimita. Fizi nzima husoma 1 hadi 3. Kuanzia 4 kwenda juu, tena ikitoka damu, hapo pana kazi. Ndani ya mfuko kuna kidonda kibichi ambacho hakionekani na mara nyingi hakiumi kabisa. Mwili unapambana nacho usiku na mchana, na kemikali za mapambano hayo huingia kwenye damu na kuifanya insulini isifanye kazi sawasawa. Sukari inapanda. Sukari ikipanda, kinga inalegea, bakteria wananeemeka, fizi zinazidi kuharibika. Mzunguko ni huo.

Mgonjwa wa kisukari akipata kidonda mguuni, nyumba nzima haikai. Kidonda cha namna hiyo hiyo kikiwa kinywani tunakiita uzee.

Kwa baba yangu sukari ilikuwa haishuki. Dawa anameza, ugali tumepunguza, soda hakuna. Kliniki aliyokuwa anahudhuria wakati huo walimwongezea dozi, wakaongeza tena, na hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Nilichokuja kugundua mwenyewe, kwa kukaa naye mezani, ni kwamba alikuwa ameacha kutafuna. Nyama anaisukuma pembeni, mchicha unamkwama, maharage anasema yanamchosha. Anachomaliza ni mtori wa ndizi, uji, na mkate aliouchovya kwenye chai. Yaani fizi zilikuwa zinampandishia sukari kwa njia mbili: uvimbe wenyewe, na chakula laini cha wanga alichokimbilia kwa sababu kutafuna kulikuwa kunamuumiza. Hii njia ya pili sijasikia ikizungumzwa sana, na kwa wazee wetu wa huku wenye ndizi shambani naiona kubwa mno. Mtazame mama anavyokula, siyo anachokuambia amekula.

Alipopelekwa kwa daktari wa kinywa na meno alikwanguliwa ugaga hadi chini ya fizi, upande mmoja kwanza, mwingine baadaye. Meno mawili yaliyokuwa yamekwisha yaling'olewa. Kipimo chake cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 9.4, kilichofuata kikasoma 8.1. Sitakudanganya kwamba yote ni kazi ya fizi. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 35, yalionyesha kwamba kutibu fizi hushusha kipimo hicho kwa takribani pointi 0.4 baada ya miezi mitatu minne. Kilichobaki kwa baba nadhani kililetwa na chakula, maana alirudi kutafuna mboga na nyama. Lakini 0.4 si haba. Kuna watu wanaongezewa kidonge kizima kuitafuta.

Kuhusu moyo, kama umesoma kwamba fizi mbovu zinaleta shambulio la moyo, tenganisha mambo mawili. Kwamba wenye ugonjwa wa fizi hupata zaidi magonjwa ya mishipa ya moyo, hilo limeonekana mara nyingi. Kwamba fizi ndizo chanzo, hilo halijathibitishwa. Shirika la Moyo la Marekani lilisema hivyo mwaka 2012, na sigara na kisukari vinashiriki katika yote mawili. Kitu tofauti kabisa ni valvu za moyo, yaani milango inayopitisha damu. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kushika kwenye valvu bandia, au valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na maambukizi hayo yanaua. Kama kwenu kuna mwenye valvu bandia, au aliyewahi kupata maambukizi hayo, daktari wa meno aambiwe kabla hajagusa chochote, kwa sababu mtu huyo hupewa antibayotiki kabla ya kung'olewa au kukwanguliwa.

Kwa mgonjwa wa kitandani kuna hatari ya nimonia, pale anapovuta mate machafu yakaingia mapafuni. Mswakishe hata kama hana meno; safisha ulimi na meno bandia pia.

Sasa jambo la kwetu kaskazini. Umeandika kwamba meno ya mama "yana rangi tangu zamani kwa hiyo yameoza". Kama alikulia upande wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki au kokote kwenye miteremko ya Mlima Meru, ile rangi ya kahawia ni ya floraidi, madini yaliyokuwa kwenye maji aliyokunywa meno yakiwa bado yanajengeka utotoni. Siyo uozo wala uchafu, na kuyasugua kwa nguvu au kwa mkaa ni kuyamaliza. Nimekutana na watu wenye meno ya kahawia na fizi nzima kabisa, na wenye meno meupe kama tui huku mifuko imejaa usaha. Angalia fizi: damu, uvimbe, harufu isiyoisha, meno yanayoachana. Floraidi hiyo nayo haiishii kwenye meno. Ikiwa nyingi kwa miaka mingi inakaza mifupa na viungo, kwa hiyo mama akilalamika mgongo kukakamaa, mtajie daktari mahali alipokulia. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huko kuna vyanzo vinavyovuka mbali. Kuchemsha hakuiondoi. Chujio la mkaa wa mifupa, kama yale yaliyofanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, linaipunguza. Na wajukuu wasipikiwe makande kwa magadi, maana nayo huwa na floraidi.

Siku ya kumpeleka, nenda asubuhi. Mama ale na ameze dawa zake kama kawaida, asiende na njaa sukari ikamshukia kwenye kiti. Beba dawa zote anazotumia. Kama kuna amlodipini au nifedipini ya presha, sema, kwa sababu hizo zenyewe huweza kuvimbisha fizi. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, msiikatishe wenyewe. Mwambieni daktari aamue. Na usikubali wazo la "tung'oe yote tupumzike" kabla mifuko haijapimwa. Ukiona uvimbe chini ya taya, homa, mdomo haufunguki au anashindwa kumeza, usisubiri miadi. Hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, kwa sababu usaha wa jino kwa mwenye kisukari hukimbia haraka na huweza kuziba njia ya hewa.

La mwisho, hofu ya mama ya meno kulegea akisafishwa. Baba naye alikuwa nayo. Meno yaliyoshikiliwa na ugaga yatacheza ugaga ukitoka, ila yalikuwa yamelegea tayari kwa sababu mfupa umeliwa. Uvimbe ukiisha fizi hushuka, meno yanaonekana marefu, na maji baridi yatamchoma kwa wiki kadhaa. Mwambie haya kabla hajakaa kwenye kiti, maana asipoambiwa hatarudi kumalizia upande wa pili. Mpe maji ya uvuguvugu, mswaki laini, na baada ya miezi mitatu arudi kupimwa mifuko upya. Ukipata majibu yake yaweke hapa, hata kama hayakushuka.