Dawa ya presha ikikuudhi, usiiache kimyakimya

Wengi ninaowafahamu wanaotumia dawa za presha wamewahi kuziacha bila kumwambia mtu. Sioni kama ni uzembe. Dawa inamkohoza mtu, au inamvimbisha miguu, na presha yenyewe haimuumi popote. Akipiga hesabu anaona akinywa anaumwa, asipokunywa yuko salama. Anaacha. Halafu siku moja mdomo unakwenda upande, na ndugu wanaulizana ilikuwaje.

Mimi namuuguza mama yangu, ana presha na sukari, na ninachowasihi wenzangu ni hiki: maudhi ya dawa yapelekeni kwa daktari kabla hamjaamua lolote. Mara nyingi ipo dawa nyingine, au dozi nyingine, au hata saa nyingine ya kunywa ileile.

Chukua kikohozi. Mama alianzishiwa enalaprili, dawa ya presha, na baada ya muda akaanza kukohoa kikohozi kikavu cha kuwasha koo, hakuna makohozi wala homa, akilala ndiyo kinazidi. Tukamchemshia tangawizi. Duka la dawa wakampa dawa ya maji, kisha antibayotiki. Wapi! Siku ya kliniki, muuguzi akiwa bado anamfunga kipimo mkononi, akauliza, "Mama, hiki kikohozi kilianza kabla ya hizi dawa au baada?" Mama akanitazama. Ni baada. Enalaprili na ndugu zake, kaptoprili na lisinoprili, zinajulikana kwa kikohozi cha namna hiyo, na wanawake kinawapata zaidi. Daktari akambadilishia losartani, ambayo ni nadra kumkohoza mtu. Kikohozi hakikukatika siku ileile, na wewe pia usishangae, kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha hata baada ya kubadilishiwa.

Dawa hizohizo zina jambo moja lisilosubiri tarehe ya kliniki. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali hapohapo, hata kama ni usiku wa manane.

Kuvimba vifundo vya miguu mara nyingi ni amlodipini, dawa nyingine ya presha, na dozi ikiwa kubwa miguu huvimba zaidi. Lakini usijihukumie mwenyewe, kwa sababu moyo na figo navyo huvimbisha miguu; ukiona na pumzi inabana, wahi. Vidonge vya kukojoza vinywe asubuhi, upate kulala. Atenololi na propranololi, nazo ni za presha, usiziache ghafla hata siku moja bila daktari, maana moyo unaweza kwenda mbio na presha ikarudi kwa kishindo. Metformini, dawa ya sukari, inavuruga tumbo mwanzoni, na kwa mama ilisaidia sana kuinywa katikati ya mlo badala ya tumbo tupu.

Linaloniuma zaidi ni dawa za maumivu. Wazee wetu wana magoti. Mtu anaingia duka la dawa, anasema goti linauma, anapewa diklofenaki bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa zake. Zikichanganywa na losartani au enalaprili pamoja na kidonge cha kukojoza, figo ndizo zinazoumia. Mwenye presha aanze na parasetamoli kwa kipimo chake, na kila anapoingia dukani aseme mwenyewe, kabla hajaulizwa: "Mimi ninatumia dawa za presha."

Tazama pia maboksi. Dawa moja hutengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja na jina lake kubwa la rangi. Mama aliwahi kuwa na maboksi mawili yasiyofanana hata kidogo, moja la hospitali na jingine la famasi, naye akijua ni dawa mbili. Mfamasia akatuonyesha maandishi madogo chini ya jina kubwa: zote amlodipini. Angezinywa zote, angekuwa anakunywa dozi mara mbili. Tangu hapo kila kliniki tunabeba mfuko mzima, pamoja na mizizi na unga wa majani aliopewa na shangazi, tunavimwaga mezani kwa daktari. Hakuna aliyetugombeza.

Na kwa wanaofunga, Ramadhani isikukute hujapangiwa. Mama anatumia na glibenklamidi, dawa nyingine ya sukari, na hiyo ndiyo inayoweza kuangusha sukari mchana ukiwa hujala. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba au kuchanganyikiwa, tunampima. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), anafungua papo hapo kwa kitu chenye sukari, na tusipokuwa na kipimo karibu anafungua vilevile. Kwa hiyo sisi tunakwenda kliniki mwezi wa Shaabani, na daftari la vipimo mkononi, daktari aamue kidonge kipi kinahamia futari, kipi kinahamia daku na kipi kinapunguzwa.