Jibu: Mwenye duka ajifunze nini kwa Al Capone?

Mkuu, umeuliza kama mwenye duka anaweza kuokota lolote kwa Al Capone. Anaweza, hasa kwenye hesabu. Jamaa alitawala pombe haramu Chicago miaka ya 1920, huku kadi yake ikidai anauza samani za mitumba. Wakati wa mdororo wa uchumi akafungua jiko la kugawa supu bure kwa wasio na ajira. (Hiyo mbinu hata kwetu ipo, subiri tu mwaka wa uchaguzi.)

Kilichomwangusha si bunduki wala maiti. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1927 kwamba hata pato haramu linatozwa kodi. Wakaguzi wakachambua madaftari yaliyokamatwa kwenye nyumba ya kamari, wakamsaka mtunza hesabu wake, naye akatoa ushahidi. Oktoba 1931, kwa kukwepa kodi: miaka 11 jela na faini ya dola 50,000.

Sasa lile daftari lako la mikopo, lenye madoa ya mafuta ya kula, linasomeka? Langu nimeanza kulinakili upya juzi. Hadi sasa sijui "Mrefu wa Jumanne" ni nani, na namdai elfu kumi na nane.