Nauli ya siku ya tisa

Swali la wiki liliuliza: je, jiji litumie fedha zake kuwafundisha kazi na kuwashika mkono wanaotoka gerezani, ilhali wapo vijana wasiowahi kuvunja sheria na hawana ajira? Mimi ni seremala, nina karakana ndogo, na nimewahi kuajiri watu watatu waliomaliza vifungo. Jibu langu ni ndiyo. Ila fedha hizo zisianzie darasani.

Wa kwanza wao alikuja ufundi anao, aliupata huko huko gerezani. Nilimpa mbao za droo. Pembe alizokata zilishikana kabla hajatia gundi. Kozi ya nini tena kwa mtu kama huyo? Alichokosa ni kitambulisho, kilichopotea tangu siku aliyokamatwa, na bila kitambulisho hakuna laini ya simu wala akaunti. Wakati huo nilikuwa nalipa mwisho wa mwezi. Siku ya tisa hakuonekana, ya kumi vilevile. Nilimdhania mabaya, nakiri. Kumbe nauli ilikuwa imemwishia, na akaona haya kunikopa mimi niliyemjua kwa wiki moja tu. Tangu hapo kila mgeni karakanani namlipa jioni ile ile, mwezi mzima wa kwanza.

Wenzetu wameshaliona hilo. Jijini New York lipo shirika liitwalo Center for Employment Opportunities, ambalo huwapa waliotoka gerezani vibarua vya muda, na lilijulikana kwa kuwalipa kila siku. Watafiti walichukua watu 977 walioingia mwaka 2004 na 2005, wakawagawa kwa kura, wengine wakapata vibarua hivyo na wengine msaada mdogo tu, kisha wakawafuatilia miaka mitatu. Si kila kitu kilikwenda vizuri: vibarua vilipokwisha, tofauti ya ajira kati ya makundi hayo nayo ikafifia. Lakini kwa waliofika ndani ya miezi mitatu tangu watoke, waliopewa vibarua walirudi jela wachache kuliko wenzao. Mwaka 2017 meya wa jiji hilo, Bill de Blasio, alitangaza kwamba kila anayemaliza kifungo katika jela za jiji atapewa nafasi ya kazi ya muda mfupi.

Sasa hao vijana wasio na kosa. Utafiti wa mwanasosholojia Devah Pager, uliofanyika katika jiji la Milwaukee huko Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, uliwatuma vijana kuomba kazi wakiwa na sifa zinazolingana. Weupe waliosema wamewahi kufungwa waliitwa mara 17 katika maombi 100. Wasio na rekodi, 34. Kwa weusi ilikuwa 5 na 14. Zitazameni tena namba hizo: mweusi asiye na kosa aliitwa mara chache kuliko mweupe aliyefungwa! Kwa hiyo anayewalilia wasio na kosa ana hoja, tena nzito. Ninachokataa ni kudhani mlango wao utafunguka tukimnyima yule mfungwa wa zamani aliyeitwa mara 5 tu.

Kanuni za Mandela, za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka anayetoka apewe hati za utambulisho, pa kukaa, kazi, nguo za kumfaa na kitu cha kujikimu siku za mwanzo. Hati ndizo zimetangulia kutajwa. Ningekuwa diwani ningeanza hapo hapo, na afisa wa vitambulisho angeingia gerezani miezi kadhaa kabla ya mtu kutoka. Hilo halihitaji hata jengo jipya.

Msije mkadhani nawapamba. Wa pili aliondoka na drili yangu, na sijamwona tena. Wa kwanza bado ninaye, siku hizi ndiye anayepima mbao kabla sijakata. Wa tatu anasubiri kitambulisho, sasa anaingia mwezi wa tano wa kusubiri, na mshahara wake natuma kwenye simu ya dada yake.