Mkanda wa taimingi ukikatika, anza kuiangalia tenshona

Baridi ya Juni na Julai ina faida moja kwa mwenye gari wa Uyole, Mafinga au Njombe: inafichua beringi mbovu. Ukiwasha gari alfajiri, injini inatoa mlio wa kukwaruza au kulia kama ndege upande wa mikanda. Baada ya dakika tatu au nne, moto ukipanda, mlio unapotea. Wengi husema "gari imeshapata moto" na kuondoka. Kumbe grisi iliyobaki ndani ya beringi imelainika tu, na kesho asubuhi itakuwa pungufu kidogo kuliko leo.

Tenshona ni ile puli ndogo yenye beringi inayosukuma mgongo wa mkanda wa taimingi, ule unaounganisha shafti ya chini ya injini (krankshafti) na ya juu inayofungua valvu (kamshafti), ili usilegee. Injini nyingi za zamani huwa na nyingine ya pili inayoongoza mkanda tu, isiyo na springi. Mkanda wa mpira huweza kuvumilia kilomita 100,000, lakini beringi ikikwama, mkanda unasuguliwa mgongo mpaka unaungua. Beringi ikilegea, puli inakaa upande na mkanda unaliwa ukingo. Ndiyo maana fundi anayebadilisha mkanda na kuacha beringi za zamani anakuwa amefanya nusu ya kazi, hata kama mkanda wenyewe ni halisi.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwanza mlio unatoka wapi. Nyunyizia maji kidogo kwenye mikanda ya nje, ya alteneta na ya usukani. Mlio ukikatika na kurudi, shida ni mikanda hiyo au puli zake. Usipobadilika, zima gari, toa mikanda yote ya nje, kisha washa injini kwa nusu dakika. Taa ya betri itawaka na usukani utakuwa mzito. Hilo ni kawaida. Kama mlio bado upo, umeshabaki na washukiwa watatu: tenshona, puli ya kuongozea, na pampu ya maji kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi. Pampu hujisaliti kwa alama ya kulanti (maji ya rejeta) iliyokauka chini ya kitundu chake. Beringi ya tenshona haiachi maji. Huacha michirizi ya grisi na vumbi jeusi la mpira ndani ya kava la mkanda.

Maelezo yafuatayo ni ya Toyota yenye injini ya 3S-FE, kama RAV4 za mwanzo. Noah za SR40 na SR50 nazo zinayo, ila humo injini imelala chini ya viti vya mbele na nafasi ya mkono ni finyu. Alama na kanuni ni zile zile. IST na nyingine zenye 1NZ zina cheni, hazihusiki hapa.

Chomoa waya hasi wa betri. Toa gurudumu la mbele kulia na plastiki ya ndani. Weka jeki chini ya sampo (karai la oili) ikiwa na kipande cha mbao, beba uzito wa injini, ndipo ufungue maunti (kishikizo cha injini) ya kulia. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa mkono bila kushindana na kompresheni. Fungua kava la juu. Zungusha krankshafti kwa soketi ya 19, daima kufuata mshale wa saa, mpaka mfereji wa puli ukae kwenye 0 ya kava. Sasa angalia tundu la puli ya kamshafti: liwe mkabala na alama ya kepu (kifuniko) ya beringi yake. Lisipokuwa hapo, ongeza mzunguko mmoja kamili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana mtu huamini alama ya chini peke yake.

Legeza bolti kubwa ya puli ya krankshafti ukiwa na mkanda bado ndani. Kuna mtindo wa kuegemeza spana kwenye chesisi na kupiga starta. Uache, siku spana ikiteleza inavunja mkono. Toa puli kwa pula, kisha kava la chini na sahani ya kuongozea mkanda. Kumbuka sahani hiyo ilivyokaa: upande uliobonyea unatazama nje. Ukiirudisha kinyume itakula mkanda.

Legeza bolti ya tenshona, isukume kupingana na springi, ikaze hapo kwa muda, chomoa mkanda. Izungushe puli kwa kidole. Beringi nzima inazunguka kwa uzito kidogo na kusimama mapema. Iliyokwisha inazunguka muda mrefu kwa sauti ya mchanga mkavu, au inayumba ukiitikisa. Springi nayo itazame: ikiwa huru, kole zake (mizunguko ya waya) ziwe zimegusana. Ukiona mwanga kati yake imechoka, ibadilishe; ni kitu cha bei ndogo.

Ukiwa umefika hapo, kagua oili sili tatu: ya kamshafti, ya krankshafti na ya pampu ya oili, kwa sababu 3S-FE huzungusha pampu hiyo kwa mkanda huu huu. Oili ikimwagikia mkanda inaoza mpira, ikiingia kwenye beringi inaosha grisi. Kuweka tenshona mpya juu ya sili inayovuja ni kununua tatizo mara ya pili. Pampu ya maji pia ibadilishe sasa, kwa kuwa kuirudia baadaye ni kufungua yote upya.

Fungia tenshona na springi mpya, isukume pembeni, kaza kidogo. Vaa mkanda ukianzia krankshafti, upande usio na tenshona ukiwa umekazwa bila kulegea, na alama zote mbili mahali pake. Halafu legeza bolti ya tenshona nusu mzunguko tu. Springi ndiyo inayokaza. Usiegemee puli kwa bisibisi au mtaimbo "kuongeza kidogo". Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuma kama tabo (turbo), na huiua beringi mpya mapema kuliko ile uliyotoa.

Zungusha krankshafti mizunguko miwili kamili kufuata saa, hakikisha alama zimerudi. Zungusha tena taratibu mzunguko mmoja na sehemu saba kati ya nane, mpaka mfereji wa puli ufike alama ya digrii 45 kabla ya 0. Hapo ndipo ukaze bolti ya tenshona kwa nyutoni mita 42, na baadaye ya puli ya krankshafti kwa 108. Tumia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Bolti ya tenshona iliyokazwa kwa kukisia hulegea au hukatika uzi kwenye bloku ya injini, na kutengeneza uzi ni kazi kubwa kuliko mkanda.

Kuhusu miteremko yetu: gari likiegeshwa ndani ya gia kwenye mlima na likaserereka kinyume na gia hiyo, injini inazungushwa kinyume. Mkanda hulegea upande ambao tenshona haijauandaa, na kama springi imechoka, jino linaruka. Ukikuta gari halipandi Mlima Nyoka kama jana, linatetemeka kwenye silensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) na distribyuta, kigawa-moto cha plagi, haikubali kusetiwa, kagua alama kabla ya kununua plagi. Tumia handibreki na jiwe, gia iwe msaada. 3S-FE kwa kawaida huzima tu mkanda ukikatika. Dizeli za 3L, 5L, 1KZ na 1HZ hupinda valvu, na hesabu inakuwa ya silinda hedi.

Ununuapo spea, soko la Mwanjelwa pale Mbeya au kwingine, kataa tenshona ya gari lililokatwa hata kama inang'aa. Huwezi kuona grisi iliyobaki ndani. Linganisha na ya zamani: kipenyo, upana, tundu la springi. Andika tarehe na kilomita kwa rangi juu ya kava, pamoja na vipande vilivyobadilishwa, maana stika ya Kijapani iliyokuja na gari inahesabu kazi ya Japani. Mkanda uliotolewa ukatwe kwa kisu hapo hapo gereji, usije ukarudi dukani ndani ya boksi jipya.