Usiuamini haraka mstari unaopanda

Wengi wanaoingia kwenye utafiti wa ubongo huja na picha moja kichwani: ubongo unaamua kwanza, halafu unapanga mwendo, halafu misuli inatii. Iache mapema. Mwaka 2005 Paul Cisek na John Kalaska walionyesha kwamba kima akiwekewa shabaha mbili, kabla hajajulishwa ipi ndiyo ya kufuata, seli za eneo linaloandaa mwendo hushika njia zote mbili kwa pamoja. Akishajulishwa, moja inapata nguvu na nyingine inafifia. Kuamua na kujiandaa kunyoosha mkono huenda sambamba.

Hilo utalizoea. Kitakachokusumbua zaidi ni wastani.

Mwaka 1965 Hans Kornhuber na Lüder Deecke walichapisha jambo ambalo bado tunabishana juu yake. Mtu anakunja kidole kwa wakati wake mwenyewe, umeme wa ubongo unarekodiwa kwenye mkanda, kisha mkanda unarudishwa nyuma kuanzia pale kidole kilipocheza. Marudio mengi yakijumlishwa, unaona ishara inayokua polepole kabla ya mwendo. Mwaka 1983 Benjamin Libet akaripoti kwamba ishara hiyo huanza kama milisekunde 550 kabla ya mwendo, ilhali mtu husema alihisi nia kama milisekunde 200 tu kabla. Watu wakatangaza kwamba hiari haipo.

Kabla hujajiunga nao, fanya zoezi dogo kwenye kompyuta. Tengeneza mfululizo wa namba za nasibu, kila namba ikibeba sehemu kubwa ya iliyoitangulia. Weka kizingiti. Kila mfululizo unapokivuka, kata kipande kilichotangulia, kisha utafute wastani wa vipande vyote. Utapata mstari unaopanda taratibu kuelekea kizingiti, na hakuna yeyote aliyeamua chochote! Aaron Schurger na wenzake walijenga hoja ya namna hiyo mwaka 2012: huenda sehemu kubwa ya ule mwinuko inatokana na mpapatiko wa kawaida wa ubongo, pamoja na sisi kupanga data kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo panga data yako mara mbili, kuanzia kichocheo na kuanzia mwendo, na uangalie jaribio mojamoja kabla ya kuchora wastani.

Mtego huohuo uko kwenye kazi maarufu ya nukta. Kima anatazama nukta zinazotawanyika ovyo, chache zikielekea upande mmoja, naye anajibu kwa kuhamisha macho. Michael Shadlen na William Newsome waliona seli za eneo la LIP, sehemu ya ubongo inayohusika na kuhamisha macho, zikipandisha kasi ya kutoa ishara kadiri ushahidi unavyoongezeka. Ni grafu nzuri mno, na uzuri wake ndio unaolevya. Mwaka 2015 kundi jingine lilidai kwamba katika jaribio mojamoja kasi ya seli nyingi huruka ghafla badala ya kupanda polepole, dai lililozua ubishi. Mwaka uliofuata LIP ilizimwa kwa dawa na kima wakaendelea kuamua karibu kama kawaida. Lilipozimwa eneo la MT, linalosoma mwelekeo wa nukta, waliharibikiwa. Baadaye wengine walipata athari LIP ilipozimwa, na ikaonekana pia kwamba ubongo hujifidia haraka. Basi seli kuandamana na uamuzi hakutoshi kusema ndiyo inayouamua, na kuizima bila kuona badiliko hakuifuti kwenye hesabu.

La mwisho ni la vifaa. Tafiti za panya zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya shughuli za gamba la ubongo inaelezwa na miendo ambayo hakuna aliyeiagiza: sharubu, pua, miguu kutapatapa. Weka kamera inayotazama uso wa mnyama tangu siku ya kwanza, na kwa binadamu rekodi macho na misuli ya mkono hata pale unapodhani ametulia. Data hiyo huwezi kuirudia mkaguzi wa makala atakapoiulizia.