Maswali Yenu: Kama Najilipia Kila Kitu, Serikali Kazi Yake Nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 34 nina biashara yangu. Mlinzi namlipa mwenyewe, maji nimechimba kisima, umeme nimefunga sola, watoto wanasoma shule ya kulipia na wakiumwa nawapeleka hospitali binafsi. Halafu bado nadaiwa kodi. Naomba nieleweshe bila kunizungusha, serikali inanifanyia nini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hasira yako naielewa kabisa, mtu anayelipa kodi halafu anatoa tena mfukoni kwa kitu kilekile ana haki ya kuuliza na wala asionekane mkorofi. Ila kwenye hesabu yako kuna mtu umemsahau, naye ni jirani yako.

Ngoja nikupeleke London ya zamani kidogo. Baada ya ule moto mkubwa wa 1666 kampuni za bima ndo zilianzisha vikosi vyao vya zimamoto, na nyumba iliyokatiwa bima ilikuwa inapigiliwa kibao cha metali ukutani kwa nje chenye nembo ya kampuni, ili ijulikane hii ni ya nani. Yaani mtindo wako huohuo, kila mtu ajilipie. Sasa fikiria nyumba yako ina kibao na ya jirani haina, mmebanana ukuta kwa ukuta, na moto umeanzia kwake. Moto hausomi kibao! Ukimwacha jirani aungue kwa sababu hajalipa, dakika chache baadaye wewe uliyelipa unaungua naye. Kampuni zenyewe zililiona hilo, mwaka 1833 zikaunganisha vikosi vyao kikawa kimoja, lakini Juni 1861 maghala ya mtaa wa Tooley kando ya mto Thames yakashika moto, ilichukua wiki mbili kuuzima kabisa, mkuu wa kikosi James Braidwood akaangukiwa na ukuta akafa palepale. Hasara ikawazidi wenye kampuni za bima. Wakaenda serikalini kusema mzigo huu hatuubebi tena, ndo Bunge likatunga sheria 1865 na kuanzia 1 Januari 1866 mji ukawa na kikosi cha umma. Nataka uone ni nani walioomba, hawakuwa masikini wanaolilia msaada, walikuwa wenye mitaji kama wewe.

Kwahiyo turudi kwako. Mlinzi wako analinda geti, sawa, lakini mwizi akishakamatwa nani amhukumu? Mlinzi? Basi kesho mlinzi wa mwenzako mwenye hela nyingi zaidi atakuhukumu na wewe. Kisima chako ni chako mpaka siku mtu wa juu yako achimbe choo pembeni yake au kiwanda kianze kumwaga uchafu, maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa kiwanja. Na hicho kiwanja, kinachokifanya kiwe chako siyo ukuta uliojenga, ni jina lako kuwa kwenye daftari ambalo kila mtu analiheshimu, hata yule asiyekupenda. Mteja akikudhulumu unamtishia kumpeleka mahakamani, na anaogopa. Hiyo hofu yake hukuinunua peke yako.

Adam Smith, ambaye watu wa soko huria wanamtaja kila siku kama mzee wao, mwaka 1776 aliandika kwamba mtawala ana kazi tatu: kulinda nchi dhidi ya adui wa nje, kumlinda kila mtu asidhulumiwe na mwenzake, na kujenga zile kazi za umma ambazo mtu mmoja hawezi kupata faida akizijenga mwenyewe ingawa jamii nzima inazihitaji. Huyo ndo mtu wa biashara huria na bado hakusema serikali iondoke.

Halafu kuna hili ambalo mimi binafsi linanigusa kuliko yote. Umesema watoto wakiumwa unaenda hospitali binafsi. Usiku mtoto anachemka, umempa kidonge cheupe, umemshikia kikombe anakunywa. Ulijuaje kwamba ni dawa na siyo chokaa? Hujui. Daktari naye hakukitengeneza yeye. Mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja ilichukua dawa ya sulfanilamaidi, ilikuwa dawa nzuri tu ya vidonge, wakataka iwe ya maji, wakaiyeyusha kwenye kimiminika kitamu ambacho kumbe ni sumu ya figo. Hawakuipima kama ni salama na sheria ya wakati huo haikuwalazimisha. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi. Wakaguzi wa serikali walitawanyika nchi nzima kufuatilia chupa mojamoja, kwenye maduka ya dawa, kwa madaktari, mpaka majumbani kwa wagonjwa, na unajua walipata wapi nguvu ya kuzikamata? Jina tu! Kwenye lebo iliandikwa eliksiri, neno ambalo lilimaanisha kuna alkoholi ndani na haikuwemo, kwahiyo kosa lilikuwa kudanganya jina. Ingeitwa jina lingine wangesimama wanaangalia tu. Mwaka uliofuata, 1938, ikatungwa sheria kwamba dawa mpya lazima ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Wewe unalipa hospitali binafsi, ni sawa, lakini imani unayokuwa nayo unapomeza inatokana na mkaguzi ambaye hutamuona maisha yako yote. Na asipofanya kazi yake, hela zako hazitakusaidia.

Ukiniuliza kodi yako inaliwa au hailiwi, hilo ni swali lingine na nalijibu hapo chini.

SWALI: Mama, nimemaliza chuo miaka mitatu sasa. Si ni wajibu wa serikali kuniajiri?

JIBU: Kukuajiri wewe kwa jina lako, hapana mwanangu, na anayekuahidi hivyo anatafuta kura yako. Mshahara wa mtumishi wa umma unatoka kwa watu wanaozalisha, wote wakiwa watumishi hakuna wa kulipa. Ila usiiachie ikakwepa, wajibu wake ni kuhakikisha mtu anayetaka kuanzisha kitu haombwi rushwa kwenye kila meza, mwajiri akikukata mshahara una pa kushtaki, na ukiumia kazini au ukizeeka hutupwi. Ujerumani chini ya kansela wake Bismarck ilianza bima ya afya ya wafanyakazi 1883 na pensheni ya uzeeni 1889, na Bismarck hakuwa mjamaa hata kidogo, aliwapiga vita wajamaa. Aliona tu kwamba mfanyakazi asiye na cha kupoteza ni hatari kwa nchi.

SWALI: Kwenye grupu letu mzee mmoja alisema serikali ni mzazi, na mtoto hamkosoi mzazi hadharani. Mimi niliuliza tu hela za daraja zimeenda wapi nikaambiwa sina adabu. Nilikosea?

JIBU: Hukukosea. Mzee mheshimu, lakini mfano wake haukai. Mzazi ndiye anayemlisha mtoto, sasa kwenye serikali nani anamlisha nani? Mshahara, gari, mafuta ya gari, mpaka kalamu ya kusaini, vyote vimetoka kwetu. Hata lile neno la kushukuru kwa kujengewa barabara mimi huwa linanikwama kooni, unamshukuru fundi uliyemlipa kwa sababu umelelewa vizuri, lakini bado unakagua ukuta.

Na kuuliza siyo mapambo, kunaokoa watu. Mwaka 1943 jimbo la Bengal huko India, ikiwa chini ya Waingereza, ilipigwa na njaa iliyoua watu zaidi ya milioni mbili. Amartya Sen alikuwa mtoto wa miaka tisa, babu yake alimruhusu kumpa kila mwenye njaa aliyepita pale nyumbani mchele, ujazo wa kopo moja la sigara. Alipokuja kuwa mchumi akachambua takwimu akasema chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kuua watu wote wale, bei ndo zilikuwa zimepaa kwa sababu ya matumizi ya vita na vibarua wa vijijini hawakuweza kununua. Serikali ikawa kimya, habari zinadhibitiwa. Mpaka Agosti gazeti moja la Calcutta, The Statesman, likachapisha picha za watu wanaokufa barabarani, dunia ikaona, ndo misaada ikaanza kusogea. Sen, ambaye alipata Nobel ya uchumi 1998, alikuja kuandika kwamba hakuna njaa kubwa iliyowahi kutokea kwenye nchi huru yenye demokrasia na magazeti huru, kwa sababu mtawala anayejua ataulizwa na atapigiwa kura hawezi kukaa kimya watu wakifa.

Sasa hilo daraja, usiishie kwenye grupu. Andika barua, taja daraja lenyewe na mwaka wa bajeti, uliza kiasi kilichotengwa, kilichotoka na jina la mkandarasi, peleka ofisini wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nakala hiyo itunze, mwakilishi wenu akiitisha mkutano isome mbele ya watu, kwa heshima zote, na huyo mzee umwombe akae karibu nawe.