Unajifunza Kijerumani kwa simu? Mdomo nao ufanye kazi

Siku hizi ukimuuliza mtu anayejifunza Kijerumani kwa simu amefikia wapi, mara nyingi atakutajia idadi ya siku alizofungua programu bila kukosa hata moja. Mwambie basi aagize chai na mkate kwa Kijerumani, halafu mtajie bei aiandike. Hapo ndipo wengi wanapokwama, tena watu wenye bidii kweli kweli. Mimi nimejifunza lugha hii kwa simu kuanzia salamu hadi nikafaulu mtihani wa B1 (ngazi ya tatu kati ya sita za lugha, zinazoanzia A1, A2, B1, B2 na kuendelea), na tangu hapo nimekuwa nikiwasaidia wadogo zangu na jamaa wanaojiandaa kwenda Ujerumani kwa kazi ya uuguzi na mafunzo ya ufundi. Baada ya Kenya na Ujerumani kusaini mjini Berlin, Septemba 2024, makubaliano ya kuwafungulia njia wafanyakazi, maswali yamezidi, hata huku kwetu Tanzania. Ndiyo maana leo naandika kirefu kidogo.

Neno langu kubwa ni hili: programu nyingi zinakuzoesha kuchagua, wakati mtihani na maisha vinakudai utoe mwenyewe.

Tazama zoezi lenyewe lilivyo. Kwenye kioo kuna vijisanduku vya maneno: komme, aus, ich, Tansania (yaani "natoka Tanzania"), na mengine mawili ya kukuzuga. Unavigusa kwa mpangilio, kengele inalia, pointi zinaingia. Ulichofanya hapo ni kutambua tu. Hakuna neno ulilolitoa kichwani, hakuna uliloliandika, hakuna ulilolitamka. Zoezi la der, die na das, vile vijineno vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake, ndiyo kabisa: vitufe viko vitatu, kwa hiyo hata asiyejua chochote atapatia mara moja kati ya tatu kwa bahati. Sisemi mazoezi haya hayafai. Yanazoesha macho na masikio, yanakupa msamiati wa kuanzia, na kwa mtu aliyechoka anayerudi nyumbani na daladala ni msaada mkubwa. Ila ukiishia hapo hujafika popote.

Sasa linganisha na mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, ambao wengi wetu ndio tunaanza nao. Kwenye kuandika unajaza fomu, kisha unapewa karatasi uandike barua fupi ya maneno kama 30. Kwenye kuzungumza mnakaa kikundi. Unajitambulisha: jina, umri, unakotoka, unakoishi, lugha unazosema, kazi, unachopenda kufanya. Msimamizi anaweza kukwambia utaje jina lako herufi kwa herufi, au useme namba ya simu. Baada ya hapo unachukua kadi yenye mada, tuseme chakula na vinywaji, na chini yake neno moja tu: Frühstück, kifungua kinywa. Swali unalitunga mwenyewe, unamwuliza mtahiniwa mwenzako: Was isst du zum Frühstück? (Unakula nini asubuhi?) Anajibu, halafu naye anauliza swali lake. Hakuna vijisanduku vya kugusa. Alama za kufaulu ni 60 kati ya 100, na kuzungumza kuna uzito wake kamili.

Kwa hiyo kila ukimaliza somo kwenye programu, funga kioo na useme kwa sauti sentensi chache zinazokuhusu wewe kwa maneno uliyokutana nayo muda huo huo. Kama somo lilikuwa la familia, taja ndugu zako wako wangapi, wanakaa wapi, wanafanya nini. Jirekodi, sikiliza, rudia. Ukiwa na nusu saa kwa siku, dakika 10 ziwe za programu na 20 za mdomo na kalamu. Najua mdomo unachosha kuliko kidole, lakini huko ndiko lugha inakoingia.

Kuna mzigo mwingine ambao sisi wasemaji wa Kiswahili tunaubeba bila kuambiwa. Programu kubwa karibu zote zinakufundisha Kijerumani kupitia Kiingereza. Chukua mfano wa saa. Saa moja na nusu asubuhi, Mjerumani husema halb acht, nusu ya kuiendea nane, kwa sababu kwenye saa yake ni 7:30 na anaitaja saa inayokuja badala ya iliyopita. Aliyefundishwa kupitia Kiingereza anatoka kwenye moja na nusu, anajumlisha sita apate saba na nusu, ndipo anakumbuka kwamba Mjerumani anataja nane. Kwenye mtihani wa kusikiliza kuna sehemu ya matangazo, yale ya stesheni na madukani, ambayo unasikilizishwa mara moja tu. Wakati wewe bado unajumlisha, tangazo limekwisha.

Namba nazo ni hivyo hivyo. 47 ni siebenundvierzig, saba na arobaini, saba ikitangulia. Sikio linasikia saba, mkono unaandika 7, na namba ya simu nzima imeharibika. Subiri neno liishe ndipo uandike, na fanya mazoezi hayo na mtu anayekusomea bei na namba kwa kasi ya kawaida. Zoezi la kugusa jibu kwenye simu halitakupa wepesi huo.

Dawa niliyoiona inafaa kuliko zote ni kutengeneza kadi zako mwenyewe, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kijerumani, bila kupitia lugha ya tatu. Mbele unaandika "saa moja na nusu asubuhi", nyuma halb acht. Mimi natumia Anki, programu aliyoianzisha Damien Elmes mwaka 2006. Kwenye Android ni bure na kadi zako unazipitia hata bando likiwa limekata. Kazi yake ni kukuletea kadi kila inapokaribia kusahaulika: unayoijua inakaa siku nyingi ndipo irudi, inayokusumbua inarudi upesi. Msingi wake ni wa zamani. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni kisha polepole, na Sebastian Leitner mwaka 1972 akaeleza namna ya kuzipanga kadi za karatasi kwenye visanduku kwa mtindo huo. Asiye na simu nzuri anunue manila, azikate, atafute maboksi matano ya viatu. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Sharti ni moja: jibu kwa sauti kabla hujaigeuza kadi. Ukiigeuza kwanza halafu ukasema "hii naijua", umerudi kule kule kwenye kutambua.

Kwenye nomino usiandike Tisch (meza) peke yake. Andika der Tisch, wingi wake die Tische, na sentensi moja. Hapa sisi tuna bahati kuliko anayetokea Kiingereza, kwa sababu tumekulia kwenye ngeli. Mtoto wa Kiswahili hakuwahi kukaririshwa kwamba kiti ni KI-VI. Alisikia kiti changu, kiti kimevunjika, kiti kile, hadi kosa likawa linamkera sikioni. Kijerumani nacho kinataka upatanisho, ila nomino zake mara nyingi hazionyeshi alama usoni kama zetu, kwa hiyo sikio ulilishe kwa sentensi nzima. Maelezo marefu ya programu kuhusu jinsia za nomino yaliandikwa kwa mtu ambaye jambo hili ni geni kwake. Yapitie haraka, uendelee na sentensi.

Matamshi usiiachie simu. Kwenye kikundi chetu tulikuwa na programu moja iliyompa pointi kila aliyesema schon mahali pa schön, na hayo ni maneno mawili tofauti, moja ni "tayari" na lingine ni "nzuri". Alikuwa mwalimu aliyetusimamisha na kutuonyesha midomo inavyokaa. Ukiweza kumlipa mwalimu hata kwa saa chache, mlipe mwanzoni kabisa, kabla ulimi haujazoea vibaya. Usipoweza, tafuteni watu watatu au wanne, fungueni kundi la WhatsApp la ujumbe wa sauti, na chezeni zile kadi za mtihani: mmoja anataja mada na neno, mwingine anauliza, wa tatu anajibu. Barua za maneno 30 unaweza kuipa programu ya akili mnemba ikusahihishie na ikueleze kosa kwa Kiswahili, ila ziandike kwanza mwenyewe, kwa mkono.

Jambo la cheti liko wazi: ubalozi unataka cheti kinachotambulika, kama cha Goethe, telc au ÖSD. Ile picha ya hongera inayotoka kwenye programu ukimaliza kozi haikufikishi dirishani. Na wanaolenga uuguzi wajue kwamba kwa kawaida safari yao inafika B2, kwa hiyo wasipange bajeti ya muda kana kwamba A1 ndiyo mwisho.

Ukishavuka A2, punguza programu za michezo na uingie kwenye vitu virefu. Deutsche Welle wana kozi ya video ya bure, Nicos Weg, kutoka A1 hadi B1, nami naiona bora kuliko nyingi za kulipia. Mbele ya hapo kuna taarifa zao za habari zinazosomwa polepole kwa Kijerumani. Zinaonekana ngumu, lakini sisi tuna mlango wetu: Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle iko hewani tangu 1963. Sikiliza kwanza habari za siku hiyo kwa Kiswahili, ujue nani kakutana na nani na wapi kumetokea nini, kisha fungua ile ya Kijerumani. Majina na mambo mengi unakuwa unayajua tayari, kilichobaki ni kukamata vitenzi. Baada ya hapo izime, na umsimulie mtu habari moja kwa Kijerumani chako, sentensi tatu zinatosha.